Dakika ya Tisa

“Agnetha ni nani?”

Ngollo alikuwa amelala chini ya gari uani kwetu Isevya, Tabora, miguu tu ndiyo ilikuwa nje. Niliona vidole vya miguu vikikunjika.

“Agnetha gani?”

“Huyu aliyekupigia mara nne tangu asubuhi. Simu yako ninayo hapa mkononi.”

“Aaa, huyo! Ni mtaalamu wa magari ya porini, yuko Arusha. Namfuatilia mtandaoni, ananishauri.”

“Anakushauri saa kumi na moja alfajiri?”

“Pelagia, nipe hiyo spana, acha wivu.”

Spana sikumpa. Mimi ni fundi cherehani, mkono wangu ni mwepesi kwa sindano na kwa simu ya mtu pia. Nilifungua meseji palepale, mwenye simu yuko chini ya gari anapiga mluzi.

“Agnetha, wewe ndiye unayenielewa. Pelagia hataki hata kusikia habari ya hili gari. Ningekuwa na mtu kama wewe karibu ningekuwa mbali sana.”

Nilisoma mara tatu. Jamani! Ilikuwa Ijumaa. Matangazo ya ndoa yetu yalishasomwa kanisani Jumapili mbili, imebaki moja, keshokutwa. Mama yangu yuko Ulyankulu ameshafunga mzigo wake, Ngollo anamfuata kesho. Halafu mwanaume huyohuyo anamwandikia mwanamke wa Arusha kwamba mimi simwelewi!

Simu ikaanza kuita tena mkononi mwangu. Agnetha. Nikakata. Akaita. Nikakata, nikambloku, nikairudisha simu juu ya boneti kama vile sijaigusa.

Nisieleweke vibaya, shida ya gari niliijua. Ngollo ananunua asali kwa wafuga nyuki, huko porini ng’ambo ya Ulyankulu. Mvua za mwaka jana gari lililala tumbo kwenye tuta la katikati ya njia, akakaa siku tatu anakula mihogo ya kuombaomba; aliporudi nilimcheka. Tangu hapo wimbo ukawa mmoja: gari liinuliwe, springi ndefu, tairi kubwa. Alipolipeleka kwa Fundi Mathias, mzee wa watu alimuuliza swali moja tu.

“Huyo anayekushauri, gari lake linabeba nini?”

Ngollo akanuna. Akalirudisha gari nyumbani, akaegesha simu kwenye tairi, video inacheza, akafunga springi mwenyewe. Gari likawa juu mpaka kulipanda lazima ukunje kitenge.

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi saa kumi na mbili akaja mlangoni amechana nywele.

“Naenda kumleta Mama. Mbona uso umefura?”

“Nenda tu.”

“Pelagia, kuna nini?”

“Nimesema nenda.”

Akaenda. Mimi nikajaribu kushona mkono wa blauzi, nikaushona juu chini. Nikafumua. Nikasimama, nikakaa. Mwisho nikachukua mtandio, mimi huyo, mpaka kwa Katekista Eliya.

“Shikamoo Katekista. Naomba ututoe kwenye matangazo ya kesho.”

Alishusha miwani.

“Marahaba. Amekupiga?”

“Hapana.”

“Ana mke mwingine?”

“Ana mtu anayemwelewa.”

“Eti nini?”

“Wewe futa tu, Katekista.”

“Binti yangu, mimi sifuti. Paroko yuko Kigwa, anarudi jioni. Mwambie yeye kabla ya misa. Ingawa wewe nakujua, ukiwa na jambo utasimama hapohapo katikati ya watu.”

Nilirudi nyumbani roho inachemka zaidi ya nilivyoondoka. Namba ya Agnetha nilikuwa nimeinakili. Saa nne kamili nikapiga kwa simu yangu.

“Wewe Agnetha, unajijua?”

“Samahani, naongea na nani mwenzangu?”

“Unaongea na mchumba wa Ngollo! Mwenye Ngollo! Sasa nakwambia...”

“Ngollo wa Tabora? Wa asali? Ee Mungu wangu, dada, yuko wapi?”

Nilikwama. Matusi niliyoyapanga njia nzima yalipotea yote.

“Yuko wapi unamtakia nini?”

“Dada, nisikilize. Juzi amenitumia picha anajisifu gari limekwisha. Nimemuuliza mara tatu, mipira ya breki umebadilisha? Hajibu. Nikapiga jana, simu inakatwa, halafu nikablokiwa kabisa. Meseji zangu zina tiki moja mpaka sasa.”

“Mipira ya breki ni kitu gani?”

“Ule mpira unaopeleka oili ya breki kwenye tairi. Gari ukiliinua, tairi linakuwa mbali na bodi, mpira wa zamani haufiki, unavutika. Ukigonga mashimo kadhaa unachomoka, breki huna. Nimeeleza kwenye video, dakika ya tisa! Na nimesema mwanzo kabisa, mimi nabeba watalii watano, sibebi madumu ya asali. Kama hajabadilisha, asilitoe nyumbani.”

“Ameshalitoa,” nilisema. “Amemfuata mama yangu.”

Sikuaga. Nilipiga kwa Ngollo, hapatikani. Nikapiga tena, hapatikani. Simu ikaniponyoka, ikaanguka kwenye kapu la vitambaa. Mimi ndiye niliyembloku! Hilo lilinijia lote kwa mara moja. Nikakumbuka kitochi cha Mama, kile kisimu chake cha vitufe, kina laini ya mtandao mwingine.

Kiliita, kikaita.

“Haloo! Nani?”

“Mama, ni mimi Pelagia! Mko wapi?”

“Ndiyo salamu hiyo?”

“Shikamoo Mama! Mko wapi?”

“Marahaba. Tumeshaondoka, tuko njiani. Mwanangu, hili gari refu! Nimepandishwa na wanawake wawili, mmoja anasukuma mmoja anavuta...”

“Mama, mwambie Ngollo asimame!”

“Mimi nimwambie mkwe? Niko zangu siti ya nyuma, nimejitanda. Tangu tutoke hatujasemezana, kila mtu na heshima yake.”

“Mama, breki zinakatika!”

Nilisikia kofi. Mama yangu, ambaye hajawahi hata kumpa Ngollo mkono, alimpiga kofi la bega.

“Simama wewe! Simama!”

Injini ikanguruma, vitu vikagongana, Mama akalia jina la Bikira Maria. Injini ikazima. Halafu sauti ya Ngollo, kali.

“Pelagia, nini lakini? Mama ananipiga! Mbele kuna mteremko wa darajani, niache nishuke, tutaongea ng’ambo.”

“Usishuke! Ngollo, kama unanipenda kweli usishuke. Breki zikoje?”

Nilisikia pedali ikikanyagwa.

“Pedali inazama kidogo. Sasa hivi nimekanyaga mara tatu ndipo likasimama. Ni springi mpya, hazijazoea.”

“Springi na pedali wapi na wapi? Toka garini, chungulia nyuma ya tairi la mbele. Kuna mpira wa breki.”

“Mpira wa breki? Nani kakwambia?”

“Agnetha.”

Nikasikia mlango, nikasikia anaruka chini. Mimi nilikuwa natembea kutoka cherehani mpaka mlangoni, mlangoni mpaka cherehani, jirani ananiuliza kuna msiba gani simjibu.

“Pelagia.” Sauti ilikuwa ndogo.

“Sema.”

“Mpira umevutika mpaka umepasuka kwenye maungio. Tairi zima limelowa oili.”

“Na mteremko uko wapi?”

“Hapa mbele. Naliona daraja.”

Nilikaa chini sakafuni nikalia kwa sauti.

Nilipomkimbilia na kumweleza, Fundi Mathias hakusema “nilikwambia.” Aliuliza gari limeinuliwa kiasi gani, akachagua mipira mirefu, akaifunga kwenye mfuko pamoja na chupa ya oili, akapanda pikipiki. Mimi nikabaki. Saa sita. Saa nane. Mvua ikanyesha, ikakatika. Chai niliyochemsha saa nane ilipoa haijaguswa. Saa kumi na moja na nusu gari likaingia uani polepole, Mama akateremshwa kama mzigo wa vyombo.

“Mimi nakwenda kulala,” alisema Mama. “Nyie wawili malizaneni.”

Ngollo alisimama mbele yangu, matope mpaka magotini.

“Ile video,” nikamwambia, “Agnetha anasema mipira ya breki iko dakika ya tisa.”

“Niliangalia mpaka ya saba. Bando likaisha.”

“Hukuunga jingine?”

“Nilishapata nilichokuwa nataka.”

“Na kumwambia mimi sikuelewi? Hapo nako bando lilikata?”

Aliinamisha kichwa.

“Hapo hapana. Hapo niliandika mwenyewe, na akili zangu. Wewe ulisema hapana, Fundi Mathias akaniuliza maswali. Nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia ndiyo. Tena hata yeye hakuniambia ndiyo, nilijichagulia maneno. Pelagia, iliniuma ulivyonicheka kwa zile siku tatu za porini.”

“Ungeniambia mimi kwamba imekuuma.”

“Ningekwambia.”

“Umemwambia Arusha nzima.”

“Nisamehe.”

Nilitaka kunyamaza na langu. Nani angejua? Lakini nikamwambia.

“Jana alipiga mara sita kukuonya. Mbili za mwisho nilikata mimi. Halafu nikambloku.”

Alijipangusa matope magotini. Nilidhani atapiga kelele.

“Kwa hiyo mimi nimeharibu breki, wewe umezuia habari.”

“Ndiyo. Na Mama alikuwa humo ndani.”

“Kesho tutafika kweli kanisani?”

“Sijui,” nilisema, na kweli sikujua.

Jumapili Katekista Eliya alisimama na karatasi yake. Wanaume upande ule, sisi huku, Mama ubavuni kwangu. Kwa Paroko sikuwa nimekwenda.

“Kwa mara ya tatu na ya mwisho. Wenceslaus Ngollo na Pelagia wa Isevya. Anayejua kizuizi chochote amweleze Paroko.”

Akaniangalia juu ya miwani. Nikasimama.

Kanisa zima liligeuka. Mama alinivuta kitenge, sikukaa. Ngollo alikuwa ameshika benchi la mbele kwa mikono miwili, midomo imemkauka, ananiangalia kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu. Nilimtazama machoni, hakukwepa. Niliona hofu, na niliona kwamba nikitoka mlangoni hatabishana nami. Nilimpenda, na hasira ilikuwepo bado, vyote viwili.

Nikakaa.

Baada ya misa alinikimbilia nje, anahema.

“Pelagia, ulitaka kuniua! Ulisimama kufanya nini?”

“Kukuacha.”

“Sasa mbona...”

“Nimekusamehe, Ngollo. Ndiyo maana nilikaa.”