Ukumbi Usio na Mahali pa Kupikia

Ukipita mtaa wa Kangemi, Nairobi, asubuhi na usikie vitunguu vinakaangwa kwenye sufuria kubwa, ujue kuna shughuli. Labda ni harusi. Labda ni matanga. Na ukiuliza nani anapika, utaambiwa ni Mama Wavinya.

Jina lake mwenyewe ni Nzula. Mumewe, Mutinda, alikuwa akitunza bustani ya tajiri mmoja kule Spring Valley. Mshahara wa Mutinda ulilipa kodi ya nyumba. Karo ya binti yao, Wavinya, ilitoka kwenye sufuria za Nzula. Shughuli zikikosekana, Wavinya anarudishwa nyumbani.

Nzula alikuwa mwanamke mzuri. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu, na ugonjwa huo uliitwa Mwihaki.

Mwihaki, yaani Mama Janice, alikuwa mpangaji kwenye ploti moja na Nzula. Kazi yake ilikuwa kupamba. Palipokuwa na harusi, Nzula alipika na Mwihaki akafunga vitambaa na maua. Walikutana kila shughuli. Walisalimiana vizuri. Lakini Mwihaki akinunua pazia jipya, Nzula analala vibaya. Mwihaki akienda kusukwa nywele Kenyatta Market, Nzula anasema, "Zitamwasha."

Mwaka huo, 2006, habari nzuri ilifika mtaani. Utajengwa ukumbi wa wakazi wote. Watu walifurahi sana. Kwa miaka mingi shughuli zilifanywa kwenye hema, uwanjani. Na mvua ya Kangemi haingoji kualikwa.

Kila kikundi kiliambiwa kichague mjumbe wa kamati ya ukumbi. Akina mama wa chama cha Nzula na Mwihaki walikutana Jumapili, baada ya kanisa. Nzula alivaa kitambaa chake kizuri cha kichwa. Alijua kabisa ni nani atachaguliwa.

Akachaguliwa Mwihaki.

Nzula alipiga makofi kama wengine. Kisha akaenda nyumbani, akatoa sufuria zilizokuwa safi, akaanza kuziosha.

"Hizo si uliziosha jana?" Mutinda akauliza.

"Zimekosa nini zikioshwa tena?"

Mutinda alikuwa ameoa muda mrefu. Akajaribu njia nyingine.

"Jumamosi kuna baraza la ukumbi. Wataonyesha ramani. Kila mkazi amealikwa."

"Kwani si wamemchagua yeye? Aende akaseme. Mimi ni mtu wa moshi tu."

"Basi niende mimi?"

"Nenda. Uniambie amevaa nini."

Jumamosi Mutinda alienda. Alirudi saa saba, akiwa na njaa. Nzula alimwekea chakula, akaketi mbele yake.

"Enhe. Alivaa nini?"

"Gauni la kijani."

"La kijani lipi?"

"La rangi ya kijani."

Nzula alivuta pumzi. "Haya. Na ukumbi?"

"Ni mzuri sana. Una jukwaa kubwa. Una stoo ya viti na mapambo. Una chumba cha kliniki ya watoto."

"Na jikoni?"

Mutinda alitafuna polepole. "Jikoni sikuona."

"Hukuuliza?"

"Walisema anayeunga mkono ainue mkono. Nikainua."

"Uliinua mkono kwa ukumbi usio na jikoni?"

"Kila mtu aliinua. Na jua lilikuwa kali, Mama Wavinya. Isitoshe, walisema hakutakuwa na moto pale uwanjani. Chakula kitaletwa na gari kikiwa tayari."

 Nzula hakuwa na gari. Wenye magari ya chakula walikuwa mahoteli ya mjini. Ukumbi ukisimama hivyo, nani atamwita Mama Wavinya na kuni zake? Alimtazama binti yake, aliyekuwa akipiga pasi sare ya shule.

"Ni yeye," akasema. "Mama Janice. Amejiwekea stoo, amejiwekea jukwaa, mimi amenitoa."

Siku iliyofuata alianza kuzunguka. Alimwambia mwenye duka kwamba ukumbi ni wa Mwihaki na watu wake. Aliwaambia wapangaji wasikubali. Alimwambia muuza makaa kwamba lile gauni la kijani halikuwa hata lake. Hilo la gauni halikuhusu ukumbi, lakini alipokuwa amefungua mdomo aliona heri amalize yote.

Jioni, Philister aligonga mlango. Philister alikuwa jirani yao. Alikuwa afisa wa maendeleo ya jamii, na ndiye aliyekuwa akisimamia mikutano ya ukumbi.

"Karibu. Chai iko," Nzula akasema.

"Asante. Nimesikia unazunguka mtaani."

"Mtu akizunguka kwao ni makosa?"

"Si makosa. Lakini kwenye baraza sikukuona."

"Nilimtuma Baba Wavinya."

Philister alicheka. "Baba Wavinya aliinua mkono kabla swali halijaisha."

Kutoka chumba cha ndani Mutinda alisema, "Nimesikia hiyo."

"Dada," Philister akaendelea, "Mama Janice hakutoa jikoni. Haikuwepo tangu mwanzo. Mchora ramani ametoka kwingine. Hakuna mtu aliyemwambia kwamba hapa kwetu tunapika wenyewe. Akachora vile alivyozoea kuchora."

"Na mjumbe wetu alikuwa wapi? Si angesema?"

"Alisema mambo ya mapambo. Hayo ndiyo anayoyajua. Ulitaka yeye ndiye aeleze sufuria zako zinakaa wapi?"

Nzula alikoroga chai yake, ingawa sukari ilikuwa imeshayeyuka.

"Sikiliza," Philister akasema. "Kuchagua mjumbe si kufunga mdomo wako. Mjumbe ni wa kusaidia. Baraza ni la kila mkazi, mwenye ploti na mpangaji. Una haki ya kuona ramani. Una haki ya kuuliza. Ukikaa nyumbani, watu wanafikiri umekubali."

"Lakini si imepita tayari?"

"Imepita ramani ya kwanza. Hakuna jiwe limewekwa. Leo, kubadilisha ni kufuta mstari kwenye karatasi. Wakishajenga itakuwa ni kubomoa ukuta, na hakuna atakayekubali. Jumamosi hii tutaupima ukumbi uwanjani kwa kamba. Njoo."

"Na yeye atakuwa huko?"

"Nani?"

"Si unajua."

"Atakuwa."

"Basi sijui kama nitapata nafasi."

Philister alisimama. "Ukija, usije kusema ubaya wa mtu. Huo hauchoreki. Njoo useme unapikia wapi. Maji unatoa wapi. Chakula kinapita wapi hadi kiwafikie watu. Hayo yanachoreka."

Jumamosi Nzula alienda. Hakuingia. Alisimama kando ya barabara, mikono kifuani, kama mtu anayengoja kitu kingine.

Uwanjani, vigingi vilikuwa vimechomekwa na kamba za katani zimefungwa. Kamba zilionyesha kuta. Mahali pasipo na kamba palikuwa mlango. Mchora ramani, kijana aitwaye Kibe, alikuwa ameshika karatasi kubwa iliyopigwa na upepo. Wakazi walitembea ndani ya kamba wakicheka. Mzee mmoja alipiga hodi.

Philister alipaza sauti. "Leo tufanye kama kuna harusi. Kila mtu afanye kazi yake. Tuone kama nyumba hii inatutosha."

Watu walikaa kwenye nyasi kama wageni. Wawili wakawa bwana na bibi harusi. Mwihaki alipanda jukwaani, yaani alisimama kwenye nyasi, akaonyesha jinsi atakavyofunga vitambaa. Alizunguka vizuri. Watu walimpigia makofi. Nzula, kule barabarani, hakupiga.

"Haya," Philister akasema. "Sasa wageni wana njaa. Chakula kinatoka wapi?"

Watu wakatazamana.

"Kitaletwa na gari," Kibe akasema.

"Gari ya nani?" akauliza muuza makaa. "Harusi zetu tunapika sisi. Tunachangishana mchele, mama zetu wanapika. Nani ataweza kulipa hoteli?"

"Na matanga?" mwingine akauliza. "Watu wanalala wiki nzima. Chai itatoka wapi?"

Kibe alishusha karatasi. "Hayo sikuambiwa. Mnapika wapi sasa?"

Hapo Nzula akasahau kwamba hayuko. Alikata uwanja, akavuka kamba, akaja hadi katikati.

"Mama Wavinya, umepita kwenye ukuta," mzee wa hodi akamwambia. "Mlango uko kule."

Watu walicheka sana. Nzula naye akacheka, ingawa hakuwa amepanga. Akarudi, akaingia kwa mlango.

"Tunapika nje kwa kuni," akamwambia Kibe. "Mafiga makubwa, sufuria kubwa. Mtu mmoja hawezi kuinua, tunabeba wanne. Tukipita na sufuria ya moto katikati ya watoto wa watu, siku moja tutaunguza mtu. Tunataka mahali penye paa, penye maji, karibu na watu. Weka hapa." Akaonyesha kwa mguu, kando ya mlango mkubwa.

"Hapo hapana," sauti ikasema.

Ilikuwa ya Mwihaki.  Mtaa mzima ulikuwa umesikia habari ya gauni.

"Nilijua utasema," Nzula akajibu.

"Hujajua nitasema nini. Tazama ile karatasi ya Kibe. Upepo unaipiga kutoka upande gani?"

Nzula alitazama. Upepo ulitoka upande huo huo wa mlango.

"Moshi wako utaingia ndani wote," Mwihaki akasema. "Utaingia kwenye chumba cha kliniki, kwa watoto wachanga. Halafu vitambaa vyangu vyeupe viwe vya kijivu. Weka nyuma, upande wa lile tangi la maji."

Nzula alitaka kukataa. Alitafuta sababu. Akaitafuta tena. Hakuipata.

"Nyuma ni sawa," akasema polepole. "Lakini chakula kitazunguka nyumba nzima?"

"Tunaweza kutoboa ukuta wa nyuma," Kibe akasema. "Dirisha kubwa la kupakulia. Chakula kinapita hapo, sufuria zinabaki nje. Lakini ukuta huo ni wa jukwaa. Jukwaa litapungua."

Watu wote wakamgeukia Mwihaki. Alilitazama jukwaa lake la nyasi kwa muda.

"Kwa hivyo jukwaa langu linaliwa na sufuria zako," akamwambia Nzula.

"Jukwaa ni lako? Si ni la wakazi wote?"

"Mama Wavinya, wacha nikwambie." Mwihaki alishusha sauti, lakini waliokuwa karibu walisikia. "Naamka alfajiri, napanda ngazi, nafunga vitambaa mpaka vidole vinauma. Wageni wakija, hata hawatazami juu. Wanauliza tu, Mama Wavinya amepika nini. Wakienda nyumbani wanaongea pilau. Mwaka wote ni pilau. Nilitaka jukwaa kubwa angalau mtu anione."

 Miaka yote Nzula alifikiri ni yeye peke yake anayelala vibaya.

"Lile pazia lako la dhahabu," akasema mwishowe, "lilinikosesha usingizi."

"Lipi?"

"La harusi ya kina Muthama."

Mwihaki alijaribu kutotabasamu. "Hilo lilikuwa zuri," akasema. Kisha akamgeukia Kibe. "Punguza jukwaa. Lakini si sana."

Philister aliwaambia wote wakae chini. Alisoma kwa sauti yote yaliyokubaliwa: jikoni nyuma yenye paa, maji, dirisha la kupakulia, jukwaa lililopunguzwa kidogo. Aliuliza kama kuna aliyeachwa. Mama mmoja mwenye magongo akasema kwenye ramani mlangoni kuna ngazi na yeye hawezi ngazi. Ngazi ikabadilishwa, ukawekwa mteremko. Kisha Philister akauliza nani anaunga mkono. Mutinda alisubiri mkewe ainue mkono kwanza, ndipo akainua wake.

Wiki mbili baadaye Kibe alileta ramani mpya. Ilibandikwa ukutani karibu na soko, kila apitaye aione. Nzula alienda kuitazama akiwa na Wavinya, ili binti huyo amsomee. Jikoni ilikuwepo. Ndipo ujenzi ukaanza.

Ukumbi ulifunguliwa mwaka uliofuata. Shughuli ya kwanza ilikuwa harusi ya binti wa muuza makaa. Mvua ilinyesha tangu asubuhi. Moto wa Nzula haukuzimika, kwa sababu ulikuwa chini ya paa. Chakula kilipita dirishani kikiwa na joto, na hakuna mtoto aliyekaribia sufuria. Mama mmoja aliyetoka mtaa wa jirani wa Mountain View aliomba namba ya simu ya mpishi. Tangu hapo Nzula alipata kazi nyingi hata akawaajiri wanawake wawili. Wavinya hakurudishwa nyumbani tena.

Siku hiyo ya harusi Mwihaki alichungulia kwenye dirisha la kupakulia.

"Wanasema chakula ni kizuri," akasema, kama mtu anayelipa faini.

"Na mapambo?"

"Bado hawajasema."

"Ngoja washibe. Mtu mwenye njaa hatazami juu." Nzula akampakulia sahani, akaongeza nyama.

Usidhani wivu uliisha. Wivu ulibadilisha kazi tu. Mwezi uliofuata iliitishwa baraza kuhusu mtaro wa maji machafu. Nzula aliamka mapema, akaacha chai mezani, akatembea haraka ili awe wa kwanza. Alipoingia ukumbini alimkuta Mwihaki ameshakaa mstari wa mbele, mkoba mapajani.

"Umechelewa," Mwihaki akasema. "Nimekuwekea kiti."

"Kiko wapi?"

Mwihaki akaonyesha kwa kidole gumba, bila kugeuka. "Hapo nyuma yangu."

Nzula alikichukua kile kiti, akakileta mbele, akakiweka kando ya cha Mwihaki. Kisha akakisogeza mbele kidogo tena.