Chura Asiye na Jina

Ulimwona. Usijifanye. Ulikuwa kwenye foleni ya duka la fotokopi siku ile Dada Chupa, mtunza vyura wa makumbusho, alipoingia amekumbatia chupa ya spiriti. Mpima ardhi mmoja, shati la bluu limepigwa pasi likanyooka, akamchokoza, "Dada, hiyo dawa ya kikohozi?" Ukacheka, kisha ukatazama pembeni, kama kawaida yako.

"Ni chura wa kinamasini. Nimepima miguu, nimemlinganisha na ndugu zake wote. Hafanani na yeyote. Spishi mpya, bado hana jina."

"Si umpe lako?"

"Aibu. Kwetu watafiti mtu hampi kiumbe jina lake mwenyewe."

"Basi nitampa mimi. Niandikie namba ya simu, nikupigie nisije nikakosea herufi."

Miezi mitatu walipendana mpaka simu zikawaka moto. Kisha ikatoka ripoti ya kufukia kinamasi hicho yajengwe maduka: "Hakuna kiumbe wa pekee." Chini yake, sahihi ya mpenzi wake. Dada Chupa akaacha kupokea simu.

Leo asubuhi bosi kamwambia vielelezo visivyo na jina vinamwagwa. Anajua maana yake: jina halisimami bila mwili wa kuonyesha. Chupa ikimwagwa, chura hakuwahi kuwepo. Akajifungia stoo, chupa kifuani. Viatu vizito vya wanaume wawili waliotumwa na wajenzi wa maduka vikasimama nje. Kitasa kikatikiswa. Simu ikatetemeka mfukoni; safari hii akapokea.

"Laazizi, usikate. Niko mlango wa nyuma wa stoo."

"Wamekutuma?" alinong'ona.

"Niliandika chura yupo. Ukurasa wakauchomoa, sahihi yangu wakaiacha. Nakala ninayo."

"Muongo mkubwa wewe."

"Muongo gani anaogopa hivi? Fungua, mama."

Alifungua. Shati limelowa jasho, vifungo vimepishana. Akaisoma nakala, mwandiko anaoujua: *chura mdogo, tumbo la njano, hajatambuliwa.* Akamshika mkono. Ulikuwa wa baridi kama wake.

"Nioe," alisema. "Ila kwanza twende kikaoni."

"Kwanza? Basi tembea haraka."

Kikao cha kuamua kinamasi kifukiwe au la ni saa nane mchana huu. Wanapita barabara yako sasa hivi, chupa chini ya khanga, na wale wenye viatu vizito wako hatua ishirini nyuma. Inuka. Gonga kwa jirani. Tokeni, muwaweke hawa wawili katikati yenu mpaka mlango wa kikao.