Kikokotoo cha Amolo

Siku ya Jumamosi, tarehe 15 Juni mwaka 1996, Dorca alikuwa akigeuza omena, dagaa wa ziwani, juani huko Usenge, kando ya Ziwa Viktoria. Binti yake Amolo, mwanafunzi wa kidato cha tatu, aliketi mlangoni akijumlisha na kufuta mpaka karatasi ikatoboka. Jumatatu kulikuwa na mtihani wa takwimu. Akianguka tena, angerudia kidato.

Mwalimu Nekoye, jirani yao, alifika kununua omena.

“Amolo, mbona hutumii kikokotoo alichokuletea mjomba wako?”

“Mama amekifungia sandukuni.”

“Nimekifungia,” Dorca akasema. “Sitaki mtoto mwenye akili ya betri.”

Nekoye akacheka. “Mama Amolo, wewe hupima omena kwa kopo la gorogoro. Je, gorogoro imekusahaulisha kutambua omena nzuri?”

“Usinichezee, Mwalimu. Gorogoro haifikirii.”

“Hata kikokotoo hakifikirii. Kilete uone.”

Dorca akakileta shingo upande. Nekoye akataja uzito wa makarai matano ya omena: kilo 12, 15, 18, 11 na 14. Amolo akajumlisha mfululizo, kisha akagawa kwa tano bila kubonyeza kwanza alama ya jibu (=).

“Wastani ni 58.8.”

Dorca akaguna. “Karai zito kabisa lina kumi na nane. Hizo hamsini umezivua wapi?”

“Umesikia?” Nekoye akamwambia Amolo. “Kadiria kwanza kichwani. Wastani hauwezi kuipita namba kubwa kuliko zote. Kikokotoo kimegawa 14 ya mwisho pekee. Pata jumla, ndipo ugawe.”

Sasa jibu likawa 14.

“Haya, tuseme lile la 18 lilikuwa 48,” Nekoye akasema.

Amolo akabonyeza. “Ishirini.” Akazipitia tena zile namba. “Lakini Mwalimu, makarai manne hayafiki ishirini. Moja tu limeuvuta wastani juu.”

“Basi utafanyaje?”

“Nitayapanga kutoka dogo hadi kubwa. La katikati ni 14. Hilo linaeleza hali vizuri zaidi.”

“Hiyo ndiyo takwimu,” Nekoye akasema. “Siku zote ulikuwa ukichokea kwenye kujumlisha, hukufika hapa.”

Dorca aliketi. Mtoto aliyetoboa karatasi kwa kufuta hesabu sasa alikuwa akihojiana na mwalimu.

“Atumie,” akasema. “Lakini akadirie kwanza.”

Alhamisi Amolo alirudi na karatasi ya mtihani, akampa mama yake. Dorca, aliyejifunza kusoma katika ngumbaru, darasa la watu wazima, alisoma mwenyewe polepole maneno ya mwalimu: “Amepita. Anaeleza vizuri maana ya majibu yake.” Akashusha pumzi ndefu, akaisoma tena kwa sauti.

Nawe uliyesoma hadi hapa, msimulie kisa hiki mzazi mwenzako mwenye mtoto wa sekondari.