Kikohozi cha Ng'ambo

Kiitandege kilifunguka kwenye ncha ya boti, kikatandaza masikio yake ya nyuzi, kikaanza kuita. Mashine hiyo, ndogo kama nazi, ilikuwa ikipiga mlio wa ndege, ikisikiliza jibu, kisha ikiubadilisha mpaka ndege mwenyewe ashindwe kunyamaza. Leo ilimwita kilimbi, ndege adimu wa msitu huu.

Hiribae, mwongoza watalii, alishika usukani. Msimu huu kilimbi alikuwa akijibu kutoka ng'ambo ya Mto Tana, lakini tangu mafuriko hakuna aliyemwona kwa macho. Kama asingesikika leo, msitu ungekatwa kupisha mfereji wa maji ya mjini. Bi Zeitun, mkaguzi aliyetumwa kuhakikisha kama ndege huyo bado yupo, alikaa miongoni mwa watalii, mikono mapajani, na kwa kumwogopa yeye hakuna aliyethubutu hata kupiga chafya.

Kimya. Hiribae akajikuta anamwomba Mungu kwa ajili ya ndege.

Jibu likaja: miluzi mitatu laini, wa mwisho ukishuka. Bi Zeitun akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Mlio ukarudiwa, na mwishoni, kwa chini kabisa, mtu akakohoa.

Hiribae alikitambua mara moja. Kikohozi kile kilikuwa chake. Miaka mingi nyuma alimrekodi kilimbi huku mafua yamembana, akawagawia sauti ile waongozaji wenzake, maana mtoni hapa hawanyimani sauti. Yeye alikifuta kikohozi kwenye mashine yake; wenzake hawakujali. Kumbe msimu mzima viitandege viwili, chake na cha mwongozaji mwenzake wa ng'ambo, vilikuwa vikiitana, na shangwe za watalii zikikifunika kikohozi.

"Kaka Hiribae, ndiye?" Bi Zeitun alinong'ona.

Neno moja tu, na mikuyu yote hii ingesalimika. Lakini kama amebaki kilimbi hata mmoja, nani angehangaika kumtafuta, ilhali mashine zinajibizana? Alizima kiitandege.

"Hapana, Bi Zeitun. Huyo ni mimi."

Akawaeleza yote. Hakuna aliyemlaumu, na hilo lilimuumiza zaidi. Bi Zeitun alizima mwenyewe injini iliyokuwa ikiunguruma kwa chini, akawaashiria watulie.

Ng'ambo, mashine iliyokosa jibu iliita tena, kwa nguvu zaidi, ikakohoa, ikasubiri. Nao wakasubiri, wote wameelekeza masikio msituni, wakitamani kiumbe chochote kiijibu.