Silabi Iliyotolewa Wimboni

Fundi cherehani alitoka nyumbani jua likizama, kwenda kununua uzi mweusi. Gauni la mteja lilikuwa bado kwenye mashine, na binti yake, Kidege, alikuwa amelala chumbani na homa. Ilikuwa safari ya kwenda na kurudi tu.

Dukani redio ilikuwa inaimba.

"Sikia! Si Kidege huyo?" Muuza duka aliongeza sauti. "Fundi, binti yako ametutoa machozi. Harusi za wenzake anaziimbia, ya kwake lini?"

Fundi alitabasamu kwa adabu. Wimbo wenyewe nani asiyeujua?

*Uje, wangu, uje, mlango tumeufungua...*

Tabasamu likamfia usoni.

Mumewe, mpaka rangi, alikuwa amezikwa mwezi uleule Kidege aliporekodi wimbo huo. Na tangu siku hiyo, kila jioni nyumba ilinuka tapentaini ya kuzimulia rangi. Juzi harufu ilikuwa uani. Jana ilikuwa kizingitini. Na Kidege, macho yamelegea, alirudia neno moja tu: "Baba anakuja, mama. Nimemwita."

Fundi alidhani ni homa. Sasa alikumbuka kwamba bibi yake, aliyeuimba wimbo huo zamani, hakuwa akiuimba hivyo.

Hakurudi nyumbani. Alikimbia hadi mtaa wa pili, kwa mjomba wake, mzee aliyekuwa mpiga gitaa enzi zake. Alimkuta ameketi bila taa, fimbo mapajani.

"Mjomba, bibi aliuimbaje ule wimbo?"

"Siku hizi watu hawaamkii?"

"Shikamoo. Mjomba, aliuimbaje?"

Mzee aliona anavyohema, akaacha utani. Akanong'ona.

"Usije."

"Nini?"

"*Usije, wangu, usije, mlango tumeufunga.* Mama aliuimba kizingitini, jioni, nyumba ikiwa imetoka kuzika. Ulikuwa wa kumwambia aliyekwenda asirudi." Alipangusa midomo. "Bendi yetu ilikuwa ya harusi. Nani atamwimbia bwana harusi usije? Nikaitoa hiyo 'si'. Nikaufungua na mlango. Watu walicheza mpaka vumbi likatuingia puani."

Kwaya ikauchukua kwake, ikaupunguza mwendo. Bendi ya tarumbeta ikauchukua kwa kwaya. Mwisho ukaingia hata kwenye tangazo la sabuni. Kila mmoja alidhani aliyemtangulia ndiye mwenye wimbo, na kila mmoja alinakili kosa lilelile.

"Mbona hao wote hawakudhurika?"

"Hawakuwa na kaburi bichi." Mzee aliinamisha kichwa. "Mimi nilikuwa nalo. Niliuimba wiki niliyomzika mke wangu. Akaja."

"Ikawaje?"

"Usiniulize. Kimbia! Simama mlangoni uimbe kama bibi yako. Nami nakuja nyuma, mguu huu hautaki haraka."

Fundi alikimbia, kanga ikimdondoka njiani asijali. Alikuta mlango umerudishwa tu. Akaingia, akasukuma komeo, akaegemeza kipaji cha uso kwenye ubao. Tapentaini na mbio vilimkata pumzi; ikapita muda mrefu kabla hajaweza kuimba.

Ngo. Ngo.

"Mama..." Kidege alinong'ona kutoka chumbani. "Usiimbe. Nakuomba."

Maisha yao yote hakuwahi kumfungia mume wake mlango, hata usiku aliporudi amelewa na viatu mkononi. Alikuwa akimpashia maji, akimcheka. Kama angefungua... kumwona tu, mara moja tu...

Lakini alikuwa na mtoto mmoja.

"*Usije,*" akaimba. Machozi yalimwingia mdomoni. "*Usije, wangu, usije... mlango tumeufunga.*"

Mlango haukugongwa tena.

Kisha sauti nzito, ya chini: "Vizuri, mwanangu. Hivyohivyo."

Na nyayo zikaanza kuondoka. Polepole. Kokoto zikalia, na katikati ya kila hatua kitu kikagonga chini. Tak... tak...

Fimbo.

"Mbona umemrudisha babu?" Kidege aliuliza. Sauti yake ilikuwa tulivu, ya mtu aliyeridhika. "Nilikuambia usiimbe."

"Kidege... baba yako yuko wapi?"

"Aliingia ulipokwenda dukani. Hukufunga."

Hapo ndipo fundi alipotambua kwamba harufu haikutoka mlangoni. Ilimjia kisogoni.

Alipiga ukelele kumwita mjomba. Lakini masikio ya mzee yalikuwa yamechakazwa na vipaza sauti tangu ujana, na ile tak, tak ilikuwa imeshakata kona. Akafumbua kinywa kuimba tena, akakifumba. Usije huambiwa aliye nje. Bibi hakuwaachia neno la kumwambia aliyekwisha kuingia.

Aliingia chumbani akipapasa ukuta. Kidege alikuwa ameketi kitandani, ametabasamu, amegeukia upande wenye giza. Godoro la upande ule lilikuwa limebonyea.

Fundi aliukamata mkono wa kulia wa binti yake kwa mikono yake yote miwili, akavuta kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

Kidege hakusogea.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa umenyooshwa gizani, na kwenye kifundo, vidole vitano vya rangi nyeupe, mbichi, vilikuwa vikizidi kukaza.