Bibi Redio na Nyota Iliyopasuka

Fundi cherehani alikuwa akikata suruali ya sare aliposikia birika likianguka jikoni. Aliacha mkasi, akakimbia. Mama yake alikuwa amesimama katikati ya sakafu iliyolowa, kikombe kitupu mkononi.

"Sijaungua," mama alisema upesi. "Maji yamenikosa."

"Leo yamekukosa, mama. Juzi hayakukukosa."

Mkono wa kushoto wa mama ulikuwa bado na bendeji. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, ukungu unaoingia ndani ya jicho pole pole. Alitambua mwanga na giza, basi. Siku nzima alikaa na redio yake, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Bibi Redio. Kwa muda mrefu alisubiri nafasi ya upasuaji. Sasa ilikuwa imepatikana. Alhamisi angefanyiwa jicho la kulia.

Jumatatu jioni redio ilitangaza kwamba nyota kubwa imepasuka angani. Wataalamu walisema haina madhara. Kisha wasikilizaji wakaanza kupiga simu. Mmoja alisema moto wake uko njiani. Mwingine alisema huo ni mkosi, mtu asikubali kuguswa na kisu mpaka nyota hiyo ipotee.

Bibi Redio akazima redio. Hilo peke yake liliwashtua watu wa nyumbani.

"Alhamisi siendi," alisema.

Mke wa fundi, muoka mikate, alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka kazini. Unga ulikuwa bado kwenye nyusi zake.

"Mama, tukiikosa nafasi hii tutasubiri tena mwaka mzima."

"Nitasubiri. Kupapasa nimeshazoea, mwanangu."

Fundi alipandisha sauti. Haikusaidia kitu. Mkewe hakubishana. Alitoka, akabisha hodi kwa jirani, mwalimu wa sayansi, akarudi naye.

Jua lilikuwa limezama. Nyota mpya ilionekana juu ya paa, nyeupe, yenye kung'aa kuliko zote. Mwalimu aliitazama kidogo, kisha akavuta kigoda na kuketi karibu na bibi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wamekuleta unishinde kwa maneno."

"Nimekuja kuuliza tu. Kile kipindi cha salamu unachokipenda jioni, mtangazaji huwa studio saa hizo?"

"Wapi! Yale ni marudio. Alikirekodi asubuhi. Saa hizi huenda yuko kwake anaosha miguu."

"Lakini unamsikia anacheka."

"Namsikia. Kicheko ni cha asubuhi."

"Basi nyota nayo ni hivyo hivyo," mwalimu alisema. "Hakuna kitu kinachokwenda mbio kuushinda mwanga. Lakini anga ni kubwa mno. Mwanga wa jua hutumia kama dakika nane kutufikia. Wa nyota ile umesafiri maelfu ya miaka. Sisi tumeuona leo. Nyota yenyewe ilipasuka zamani."

"Zamani za mama yangu?"

"Kabla ya bibi wa bibi yako. Hata hospitali hazikuwepo."

Bibi Redio aliipapasa redio yake.

"Kwa hiyo tumeletewa habari iliyochacha," alisema.

"Imechacha, ila ni ya kweli."

"Sasa nyota hiyo ingejuaje una miadi Alhamisi?" fundi alidakia.

"Wewe nyamaza, mwalimu anasema. Na huo moto je?"

"Nyota kubwa huwaka kwa kilicho ndani yake. Kikiisha, hujiporomokea kwa uzito wake, kisha hulipuka. Lakini iko mbali sana. Mke wa mwanao akisimama mbele ya tanuri anaungua. Wewe ukiwa hapa nyumbani unapata harufu ya moshi tu."

"Kweli," muoka mikate alisema, akigusa kovu kwenye mkono wake. "Tanuri halijawahi kunifuata nyumbani."

Bibi alicheka kidogo. Halafu sauti yake ikashuka.

"Nyota nimeielewa. Ila naogopa kisu, mwalimu."

"Hiyo ni hofu nyingine, bibi. Kamuulize daktari. Usiibebeshe nyota hofu hiyo."

Kesho yake fundi alifunga cherehani mapema, akampeleka mama hospitali. Daktari alimweleza kwamba jicho litatiwa ganzi. Hatalala. Atasikia watu wakiongea, lakini maumivu hatasikia. Bibi aliuliza maswali mengi, mengine mara mbili. Daktari aliyajibu yote.

Alhamisi alikwenda mwenyewe mpaka mlangoni, ameshikwa mkono na muoka mikate.

Ijumaa muuguzi alitoa bendeji ya jicho. Bibi Redio alipepesa jicho. Aliuona ukuta. Aliuona uso wa muuguzi. Kisha akamgeukia mwanawe, akamtazama kwa muda mrefu.

"Mvi zote hizo ni zako?"

"Ni zangu, mama."

"Tangu lini?"

"Miaka mingi. Habari zilichelewa kukufikia."

Bibi alicheka mpaka muuguzi akamwomba atulize kichwa. Akatulia, akaunyoosha mkono, akazishika zile mvi.

"Haya," akamwambia muuguzi. "Na la kushoto lini?"