Nguo Zilizorudi Kiogoro

Esnah Bochaberi alikuwa fundi wa kola. Katika ushirika wa kushona wa Kiogoro, wanawake arobaini waligawana kazi. Huyu alikata, yule aliunga mikono, na Esnah alishona kola.

Nguo zao hazikuuzwa dukani. Picha za nguo hizo zilichapwa katika kijitabu kilichotumwa kwa barua hadi Nairobi, Nakuru na Eldoret. Mteja akipenda gauni, alijaza fomu, akaandika vipimo vyake, akatuma pesa kwa posta. Gauni nalo lilimfikia kwa posta.

Mapema mwaka 1997, kila mwanachama alipewa karatasi ya hesabu za mwaka uliopita. Esnah alipewa pia gawio, yaani fungu lake la faida. Lilikuwa shilingi mia nne na hamsini. Mara ya mwisho alikuwa amepata elfu moja na mia tano. Juu ya hayo, mwenyekiti wao, Persis Moraa, aliomba kila mtu achange elfu tatu za kununua cherehani mpya. Alisema mauzo yamepanda sana.

Nyumbani, Esnah aliacha kumenya ndizi, akafuta mikono, akaisoma ile karatasi pamoja na mumewe, Machogu. Ilikuwa na safu mbili za tarakimu. Maandishi ya juu yalikuwa yamefifia, kwa hiyo walisoma kama wasomavyo kitabu, kutoka kushoto kwenda kulia. Mauzo: laki sita, kisha laki nne. Faida: elfu kumi na nane, kisha elfu sitini.

Esnah alichanganyikiwa. Kumbe mauzo yalikuwa yameshuka? Mbona Persis alisema yamepanda? Na kama faida ilipanda, mbona gawio lilipungua? Aliisoma tena, akazidi kupotea.

Machogu aliiweka karatasi mezani. Kisha akasema, akimwita mkewe kwa jina la binti yao, "Mama Kwamboka, hapa kuna mtu amekula pesa. Mbuzi wangu wawili hawatauzwa kwa ajili ya cherehani hizo."

Maneno hayo yalimchoma Esnah. Yeye na Persis walibatizwa siku moja, na waliimba kwaya pamoja. Lakini Jumapili hiyo, baada ya ibada, alipita kando ya Persis bila kumsalimu. Persis alibaki amesimama, hajui amekosa nini.

Jumanne Esnah alikwenda mjini Kisii kununua uzi katika duka la Chandrakala. Mama huyo alikuwa ameuza vitambaa kwa miaka ishirini, na daftari la duka aliliandika mwenyewe. Aliona uso wa mteja wake, akamuuliza kulikoni. Esnah akatoa karatasi mkobani, akamweleza yote, hata lile la wizi.

Chandrakala aliipeleka karatasi mlangoni penye mwanga.

"Mama Kwamboka, umeanza kusoma kabla ya kuuliza mwaka," alisema. "Tazama juu. Kushoto ni 1996. Kulia ni 1995. Waandika hesabu wengi hutanguliza mwaka mpya."

Esnah akatazama. Kweli, tarakimu zilikuwepo, ingawa hafifu. Basi mauzo yalipanda kutoka laki nne hadi laki sita, kama Persis alivyosema. Faida nayo ilishuka kutoka elfu sitini hadi elfu kumi na nane. Lakini hapo ndipo alipochanganyikiwa upya. Watu wanauzaje zaidi wakapata kidogo?

Chandrakala alimwambia asiridhike na mstari wa kwanza na wa mwisho. Ateremke mstari kwa mstari, na kila mara aulize: mwaka jana ilikuwa ngapi, sasa ni ngapi, kwa nini? Wakateremka pamoja. Walipofika kwenye nguo zilizorudishwa, Esnah alisimamisha kidole. Mwaka 1995, nguo za elfu ishirini zilirudi. Mwaka 1996, za laki moja na elfu kumi. Gharama ya posta nayo ilikuwa zaidi ya mara mbili.

"Hakuna aliyekula," Chandrakala alisema. "Nguo zenu zinakwenda na kurudi, na kila safari mnalipa stempu. Uliza kwa nini zinarudi."

Jibu Esnah alilijua. Magauni yalirudishwa kwa kuwa kola ziliwabana wateja. Wateja wapya hawakujua kujipima, wengine walipima kwa kamba au kwa shubiri.

Kabla ya kwenda nyumbani alipitia kwa Persis, akamweleza alivyomshuku na alichokiona kwenye karatasi, akamwomba msamaha. Persis akakiri kwamba hata yeye alitazama mauzo tu, akafurahi.

Katika mkutano wa mwaka, Esnah alisimama akauliza kuhusu nguo zilizorudishwa. Wanachama walijadiliana hadi saa sita mchana. Wakaahirisha cherehani. Badala yake, kila fomu ilitumwa pamoja na utepe wa karatasi wa kupimia, na mchoro wa mtu unaoonyesha mahali pa kupima.

Mwaka uliofuata karatasi mpya ilitoka. Nguo zilizorudi zilikuwa za elfu ishirini na nne tu. Faida ilifika elfu themanini, na kila mwanachama alipata elfu mbili. Hata hivyo wengine walinung'unika, kwa kuwa mauzo yalikuwa yameshuka hadi laki tano na elfu ishirini. Persis akamwomba Esnah aeleze. Akaeleza polepole, mstari kwa mstari, mpaka minong'ono ikaisha.

Ndipo mama mmoja aliyetoka Marani akainua mkono. "Na mafuta ya cherehani, mbona yamepanda mara mbili?"

Esnah hakujua. Alisema wazi kwamba hajui. Persis akafungua faili la risiti, na wanawake wote wakasogeza viti karibu.